Wimbo wa Kaloleni

Mjomba wangu alifanya kazi ya uweta katika hoteli moja ya ufuoni huko Watamu kwa miaka kumi na tisa. Alipoacha kazi akarudi nyumbani Kibarani, hapa Kilifi, mzigo wake ulikuwa mdogo: saa ya mkononi aliyopewa na mgeni Mjerumani, shati la kitenge alilolivaa usiku wa karamu, na kaseti moja yenye picha ya simba kwenye karatasi yake. Kaseti hiyo ndiyo tuliyokua nayo. Redio yetu ilikuwa na tabia ya kula utepe, nasi tukauvuta polepole, tukauzungusha kwa kalamu ya biro mpaka ukakaza, kisha tukairudisha ndani. Upande wa kwanza ulichezwa mno hata nyimbo zake zikaanza kuyumba.

Wimbo uliofungua upande huo ni "Jambo Bwana". Mimi sikuupenda. Nilikuwa kijana wa sekondari mwenye kaseti zangu za rumba na reggae, na wimbo ule niliuona wa watalii, kitu cha kuuzwa pamoja na vinyago na shanga. Siku moja nilimwambia mjomba abadilishe, tusikize muziki wetu badala ya huu wa wazungu. Akaweka kikombe chini.

"Wa wazungu?" akaniuliza. "Mwanangu, huo wimbo ni wa Mgiriama wa Kaloleni."

Akaichukua karatasi ya kaseti akanionyesha. Palikuwa na majina ya nyimbo kumi na simba wake, na hapakuwa na jina la mtunzi hata mmoja. Kando ya wimbo wa kwanza, kwa wino wa buluu uliofifia, mjomba alikuwa ameandika mwenyewe: Teddy, Kaloleni.

Ndipo nilipoanza kuifuata habari hii, na ninayoandika hapa ni mavuno yake.

Kaloleni iko bara kidogo, juu ya vilima, mahali ambapo minazi imesongamana na mnazi unagemwa asubuhi na jioni. Ukitoka Mazeras unapanda nayo barabara mpaka upepo unabadilika. Zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Kilifi, na leo ni kaunti ndogo katika Kaunti ya Kilifi. Misheni zilifika mapema katika nchi ile. Rabai, jirani yake, ndiko Johann Ludwig Krapf alikoweka kituo cha kanisa katika miaka ya 1840. Kwa hiyo mtoto wa Kigiriama aliyezaliwa huko katikati ya karne iliyopita alikuwa na masikio mawili: moja la kayamba, mwanzele na gonda, ngoma zinazochezwa msibani na katika sherehe, na jingine la kinanda na nyimbo za kanisani. Majina ya Teddy, mtunzi wa wimbo ule, na ndugu zake yenyewe yanasema hivyo. Teddy Kalanda Harrison. Billy Sarro Harrison. George Zirro Harrison. John Katana Harrison. Jina la kizungu mbele, la Kigiriama katikati, na jina la ukoo la kimisheni nyuma.

Ndugu hao hawakuanza jangwani. Mgiriama mwenzao, Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa ameshafungua njia. Alipelekwa Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili katika kikosi cha kuwatumbuiza askari, akarudi, na akawa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga gita la umeme nchini Kenya. Wimbo wake "Tausi Ndege Wangu" wazee wa Pwani wanaujua mpaka leo. Sauti yake ilikuwa ya upole, gita lake halikukimbia, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyumbani. Nikiusikiliza wimbo wa ndugu wa Kaloleni namsikia Konde ndani yake, katika ule utulivu wa mtu asiye na haja ya kupiga kelele ili asikike.

Bendi ya ndugu hao ilianza mwaka 1969 kwa jina la Avenida Success. Mwaka 1972 wakabadilisha jina wakajiita Them Mushrooms. Walipiga reggae, walipiga nyimbo za Kiingereza zilizovuma redioni, na riziki yao wakaipata pale wanamuziki wengi wa Pwani walipoipata: hotelini.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu kazi ya bendi ya hoteli haijapewa heshima yake. Watu husema "bendi ya hoteli" kama wanaosema "daktari wa kienyeji", kwa sauti ya kudharau. Mjomba aliwatazama wapigaji usiku baada ya usiku, akiwa na trei mkononi, na alinieleza kazi ile kama fundi anayemweleza fundi mwenzake. Bendi inaanza wageni wakiwa mezani, kwa hiyo isipige kwa nguvu. Mzee Mwingereza anataka Jim Reeves, na mwimbaji lazima aujue wimbo mzima, si kiitikio tu. Kijana anataka Bob Marley. Mama Mswisi anataka wimbo wa kwao, na mpiga gita anamwomba aunong'one mara moja halafu anautafuta kwenye nyuzi. Kisha meza zinasogezwa, watu wanasimama, na sasa bendi lazima iwachezeshe watu ambao nusu yao hawajui kucheza na wengine wanaona haya. Mpigaji wa hotelini husoma nyuso. Anajua ni wimbo upi utamwinua mtu kitini na upi utamrudisha chumbani kulala.

Safari zenyewe zilikuwa kazi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, mtu wa Mombasa aliyealikwa kupiga Watamu au Malindi alisimama Mnarani kusubiri feri, vyombo vikiwa ndani ya gari, spika zimefunikwa turubai kwa ajili ya chumvi ya bahari. Vijana wa Kibarani waliokuwa kando ya maji waliwaona wanamuziki hivyo kwanza, kabla ya kuwaona jukwaani: watu waliochoka, wanakula mahamri, wanatazama hori.

Katika hoteli hizo wimbo mmoja uliombwa kila usiku, nao ni "Malaika". Historia ya "Jambo Bwana" haielezeki bila "Malaika", maana ndio uliotangulia kutoka Afrika Mashariki kwenda kuimbwa na dunia, na ndio ulioonyesha mapema yatakayompata mtunzi.

Fadhili William, kijana wa Taita, aliurekodi pamoja na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauchukua. Mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte wakauweka katika albamu yao ya pamoja, na albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Baadaye Angélique Kidjo wa Benin akauimba katika albamu yake ya "Logozo" ya mwaka 1991. Lakini nani aliutunga? Fadhili alishikilia kuwa ni yeye. Grant Charo, aliyepiga naye katika Jambo Boys, alisema ni wake. Lucas Tututu wa hapa Pwani alisema ni wake. Adam Salim wa Tanzania alisema aliutunga katikati ya miaka ya 1940, kabla ya wengine hao kushika gita. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi haujaisha. Wimbo wa mapenzi ya kijana asiye na mahari umewaimbisha watu wa mabara yote, na watu wanne wamedai kuwa ni mali yao.

Sasa tuje kwenye chati. Mwaka 1981 kundi la Boney M., lenye makao Ujerumani, lilitoa "Malaika" kwa Kiswahili, nao ukafika namba 13 katika chati ya Ujerumani. Ni vyema msomaji aelewe Boney M. walikuwa nani wakati huo. Mtayarishaji wao alikuwa Mjerumani, Frank Farian. Waimbaji walikuwa watu weusi wa visiwa vya Karibi: Liz Mitchell na Marcia Barrett wazaliwa wa Jamaika, Maizie Williams wa Montserrat, na Bobby Farrell wa Aruba ambaye nafasi yake baadaye ilichukuliwa na Reggie Tsiboe wa Ghana. Farian alikuwa na jicho la kuona wimbo wa watu wengine na kuujengea nyumba mpya. "Rivers of Babylon" ulikuwa wimbo wa Melodians wa Jamaika wa mwaka 1970. Boney M. waliutoa mwaka 1978, ukashika namba moja Uingereza na kuuzwa huko karibu nakala milioni 2. Mtu wa namna hiyo akisikia wimbo unaoimbwa na watalii wanaorudi kutoka Mombasa, hawezi kuuacha upite.

Na watalii walikuwa wanarudi wakiimba. Ndege za kukodi zilikuwa zikishusha Wajerumani na Waswisi Mombasa moja kwa moja, na Malindi ilikuwa inaanza kujaa Waitaliano. Mgeni alikaa wiki mbili. Katika wiki hizo alisikia maneno yaleyale asubuhi na jioni: kwa dereva, kwa anayetandika kitanda, kwa mvuvi aliyemletea kamba, kwa vijana wa ufuoni. Akaanza kuyarudisha, akiyavunja, akicheka, akijaribu tena. Kila mfanyakazi wa hoteli aliliona jambo hilo. Teddy Kalanda aliliona akalitengenezea wimbo.

Usikilize tena kama fundi. Wimbo ni mazungumzo. Mmoja anasalimu, mwingine anajibu, mgeni anakaribishwa, nchi inasifiwa, na mwishoni anaambiwa "hakuna matata", yaani asiwe na wasiwasi. Mstari ni mfupi kiasi kwamba mtu aliyeusikia mara moja anaweza kuudaka mara ya pili. Gita halina haraka, besi inatembea kama mtu anayekwenda sokoni bila deni. Katika muda usiozidi kunywa dafu moja, mtu aliyetua jana anajua kusalimu, kujibu na kushukuru. Sijui mwalimu wa lugha aliyefaulu hivyo kwa darasa kubwa namna hiyo. Mjomba alinisimulia habari za bibi mmoja Mjerumani aliyekuja kila mwaka, akamwuliza hali ya watoto kwa Kiswahili. Mjomba alihesabu maneno yake: kumi na mawili, na yote yalitoka katika wimbo ule. Kwa maneno hayo kumi na mawili bibi huyo alikuwa rafiki wa jikoni nzima, na alipoacha kuja, wapishi waliuliza habari zake kwa miaka.

Wenye Kiswahili chao watasema, na wamesema sana, kwamba lugha ya wimbo huo si ya Pwani. Wana haki yao. Mzaliwa wa Pwani hamsalimu mwenzake kwa kumwambia "jambo". Humwuliza "hujambo?", naye hujibu "sijambo", yaani sina jambo lililonipata. Mdogo humwambia mkubwa "shikamoo" naye akaitikia "marahaba". Asubuhi kuna sabalkheri, jioni kuna masalkheri. Na mtu akimwaga chai kwa bahati mbaya huambiwa "haidhuru" au "hakuna neno". Ni nadra kusikia mtu wa Takaungu au Mambrui akisema "hakuna matata". Matata kwetu ni tabia ya mtu: mtoto ana matata, jirani ana matata.

Niliwahi kuushika ubishi huo mimi mwenyewe, kwa ukali. Sasa naona niliuona upande mmoja tu. Teddy Kalanda hakuwa akiandika kamusi. Aliandika Kiswahili cha mlangoni, kile ambacho mwenyeji humpunguzia mgeni ili asikwame. Kila lugha yenye bandari ina lugha ya namna hiyo. Waarabu, Wahindi na Wareno walipofika hapa, kuna mtu wa Pwani aliyewarahisishia maneno vivyo hivyo, na sehemu ya Kiswahili tunachojivunia leo imetokana na kurahisishiana huko. Kumpunguzia mgeni maneno ni adabu, kama unavyomchambulia samaki miiba.

Wimbo ulitoka kwenye santuri mwaka 1982, ukauzwa na kampuni ya PolyGram. Mwaka huo haukuwa mwepesi. Tarehe 1 Agosti askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali, damu ikamwagika Nairobi, maduka yakaporwa, na Kenya ikawa habari mbaya katika magazeti ya Ulaya. Nchi ile ile iliyokuwa ikihesabu maiti wake ilikuwa na wimbo unaomwambia mgeni kwamba hakuna matata. Sisemi uliandikwa kwa ajili hiyo. Nasema wafanyakazi wa hoteli, ambao kazi yao ilitegemea ndege inayofuata, waliuimba mwaka huo kwa moyo mzito kuliko wageni walivyojua.

Kenya haikuwa na chati rasmi kama ya Ujerumani. Umaarufu ulipimwa kwa vipindi vya salamu vya Sauti ya Kenya, kwa matatu, kwa vibanda vya kaseti, na kwa hesabu ya santuri zilizouzwa. Kwa hesabu hiyo ya mwisho, "Jambo Bwana" uliuza zaidi ya nakala 200,000 kati ya mwaka 1982 na 1987, na bendi ikapewa tuzo ya platinamu. Sensa ya mwaka 1979 ilikuwa imehesabu watu milioni 15.3 nchini. Wengi wao hawakuwa na gramafoni, wala umeme wa kuichezeshea. Nakala laki mbili katika nchi ya hali hiyo ni mlima. Ni kweli kwamba nyingi zilibebwa kwenye masanduku ya watalii, lakini kila moja ilinunuliwa dukani kwa pesa, na hapo hazimo kaseti za kunakiliwa kama ya mjomba, ambazo hazikuingia katika hesabu ya mtu yeyote.

Mwaka 1983 Boney M. wakachukua wimbo wa Afrika Mashariki kwa mara ya pili. Waliutoa wimbo wa Kaloleni kwa jina la "Jambo – Hakuna Matata", wakaacha kiitikio katika Kiswahili na kuongeza beti za Kiingereza. Kundi lililokuwa limezoea namba moja likaishia namba 48 Ujerumani. Kwa Boney M. hilo lilikuwa anguko. Enzi ya disko ilikuwa imepita, na waliosikia toleo lao waliona kuna kitu kimepungua. Mimi nimeusikiliza mara nyingi na nadhani najua kilichopungua. Wamejaza ala. Wamekaza mwendo. Wimbo uliokuwa mazungumzo ya watu wawili mlangoni umekuwa tangazo la uwanjani. Salamu haitaki tarumbeta.

Lakini angalia jambo hili. "Malaika" ulifika namba 13, "Jambo" ukafika namba 48, na leo ukisimama uwanja wa ndege wowote kati ya Mombasa na Kilimanjaro ni upi utakaousikia kwanza? Chati inahesabu wiki chache za duka. Haijui kuhesabu wimbo unaoenea kwa mdomo, na huu ulienea kwa mdomo. Hapa nyumbani Mombasa Roots waliuimba kwa namna yao. Safari Sound nao wakaurekodi, na kanda zao zikauzwa sana kwa wageni. Zanzibar wakautia jina la Zanzibar. Kule Kilimanjaro wapagazi na waongozaji waliutia beti mpya kabisa, zinazotaja vilele na kambi za njiani, wakauimba kwa kupiga makofi asubuhi kabla ya kupanda na siku ya mwisho wanapoagana na wageni. Wengi wa wapagazi hao wanaamini ni wimbo wa mlima, uliokuwepo tangu zamani, hauna mwenyewe. Wimbo ukifika hapo umeshinda kila chati. Na mtunzi akifika hapo yuko hatarini kusahauliwa kabisa.

Mwaka 1994 likaja wimbi kubwa kuliko yote. Kampuni ya Disney ilitoa filamu ya "The Lion King", na ndani yake mna wimbo uitwao "Hakuna Matata", muziki wa Elton John na maneno ya Tim Rice. Si wimbo wa Teddy Kalanda. Ni utunzi mwingine, wenye sauti nyingine. Kilichofanana ni maneno mawili, ambayo ni ya Kiswahili na si ya mtu mmoja. Albamu ya filamu hiyo ilishika namba moja Marekani, wimbo ukateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka 1995 Jimmy Cliff wa Jamaika akauimba upya pamoja na Lebo M wa Afrika Kusini. Watoto wa dunia nzima wakajifunza Kiswahili cha maneno mawili. Disney pia iliyasajili maneno hayo kuwa alama ya biashara ya nguo nchini Marekani, kazi iliyoanza mwaka 1994 na kukamilika mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018 habari hiyo ilipowafikia watu wengi, zaidi ya laki moja walitia saini ombi la kutaka usajili huo ufutwe.

Nakumbuka hasira ya siku hizo hapa Pwani, na niliishiriki. Neno la sokoni kusajiliwa na kampuni ya ng'ambo linauma, hata ukielezwa na wanasheria kwamba hakuna atakayekuzuia kulisema. Ila katika kelele zote zile nilimtafuta mtu wa kutaja Kaloleni, sikumpata kwa urahisi. Tulilipigania neno, ambalo halipotei, tukamsahau mtu aliyelitia katika wimbo miaka kumi na miwili kabla ya filamu.

Sheria nayo ilichelewa. Kenya ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1966, lakini chama cha kukusanya mrabaha wa wanamuziki, MCSK, kiliundwa mwaka 1983, mwaka mmoja baada ya wimbo kutoka na mwaka uleule Boney M. walipoutoa wa kwao. Wapigaji wa wakati ule walilipwa kwa usiku. Ukishapiga, ukapewa chako na sahani ya wali, hesabu imefungwa. Fikra kwamba wimbo unaweza kumlisha mtunzi akiwa amelala nyumbani ilikuwa ngeni kwa wengi, na waliokuwa na vibanda vya kunakili kaseti hawakuwa na haraka ya kuieleza.

Them Mushrooms hawakukaa kuulilia wimbo mmoja. Mwaka 1987 walihamia Nairobi. Huko walifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko tuzo ya platinamu: walirudi nyuma kuwafuata waliowatangulia. Walimrudisha studio mzee Fundi Konde, wakati ambapo vijana wengi hawakujua kama yu hai, wakapiga naye nyimbo zake kwa vyombo vipya bila kuzivuruga. Walishirikiana na Malika, mwimbaji wa taarabu wa Pwani, wakaweka magita chini ya sauti yake. Walizikusanya nyimbo za zamani za Afrika Mashariki, zile tunazoziita zilizopendwa, wakazipiga upya ili watoto wa miaka ya 1990 wazijue. Kwa muda mfupi katika miaka ya 2000 walilitafsiri jina lao wakajiita Uyoga, kisha wakarudi kwenye lile la zamani.

Watu waliotendewa hivyo na dunia, wimbo wao ukachukuliwa kila mahali jina likiachwa njiani, wao walipopata nafasi ya kurudia nyimbo za wengine waliwataja wenye nyimbo. Konde alifariki mwaka 2000 akiwa amesikika tena.

Mjomba naye ametangulia. Siku ya tatu ya matanga, jioni, wazee wakiwa wamekaa kwenye mikeka chini ya mwembe, mmoja wa wenzake wa hotelini alinyanyuka akaomba ruhusa ya kuimba. Nilidhani ataimba wimbo wa kanisani. Akaimba "Jambo Bwana", polepole, bila gita, kwa sauti ya mtu mzima iliyokauka. Wenzake watatu waliokuwa wamevaa sare moja naye miaka ile wakamwitikia. Hakuna aliyecheka wala kuona ajabu. Salamu inayosalimu wanaofika iliwatosha kumuaga anayeondoka, na hapo nikaelewa kwa nini aliweka kikombe chini siku ile.

Kwa hiyo nina ombi kwa wapigaji wa hoteli za Kilifi, Watamu na Malindi, kwa waongozaji wa Kilimanjaro, na kwa walimu wa muziki katika shule zetu. Usiku wa leo wimbo huu utaimbwa mahali fulani, kama ulivyoimbwa jana. Kabla ya gita kuanza, mwambieni mgeni ni wa nani. Ni Teddy Kalanda Harrison, wa Kaloleni.